Nani Katuibia Wimbo? Rekodi za Bendera, Nyimbo na Ngoma za Mataifa

Usiku wa Januari 21, 2024, saa mbili kwa saa zetu, Taifa Stars yetu ya Tanzania na timu ya Zambia walijipanga mstari mmoja uwanjani San-Pédro, Kodivaa, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Ukapigwa wimbo wa taifa wa kwanza, kisha wa pili, na mtu aliyefumba macho angeapa kuwa wameurudia uleule: sauti inapanda palepale, inashuka palepale, inatua palepale. Nilikuwa kwa dada yangu. Binti yake wa darasa la tatu, aliyesimama wima mbele ya runinga, mikono ubavuni kama walivyofundishwa shuleni, akanigeukia na uso wa mtu aliyedhulumiwa. "Mjomba, mbona wametuibia wimbo wetu?"

Nilimwambia hatujaibiwa, lakini sikuwa na maelezo ya kumtosha, na mpira ulikuwa unaanza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya habari za alama za mataifa, hasa zile zilizozishinda zenzake kwa ukongwe, kwa urefu, kwa ufupi, au kwa kufika mahali ambapo nyingine hazikufika. Nyingi zimenishangaza. Chache zimenitoa machozi, na wimbo ule wa San-Pédro ni mmojawapo.

Wimbo uliohamahama kuliko zote Afrika

Enoch Sontonga alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga wimbo kwa Kixhosa wa kumwomba Mungu aibariki Afrika, akawafundisha wanafunzi wake. Hakuutunga kwa ajili ya serikali yoyote. Hapakuwa na serikali ya Mwafrika kusini kote ambayo ingemwomba wimbo. Alikufa mwaka 1905, kijana wa miaka kama 32, asijue alichokiacha.

Miaka saba baadaye, Januari 1912, wimbo wake uliimbwa kwenye kikao cha kuzaliwa kwa chama kilichokuja kuitwa ANC. Ukatoka hapo ukapanda kaskazini kwa midomo ya wachimba madini, wachungaji, walimu na wanasiasa. Mwaka 1961 Tanganyika ilipojitawala, tuni ile ilivishwa maneno ya Kiswahili, na hadi leo ndiyo Mungu Ibariki Afrika tunayoijua. Zambia iliichukua mwaka 1964 na baadaye ikaandika maneno yake yenyewe. Zimbabwe iliimba wimbo huo tangu 1980 hadi 1994. Namibia iliutumia kwa muda mara baada ya uhuru wa 1990. Afrika Kusini kwenyewe, ulikozaliwa, ulichelewa kuliko kote kupata heshima ya taifa: ni mwaka 1994 tu, na mwaka 1997 ukaunganishwa na wimbo wa zamani wa Makaburu kuwa wimbo mmoja wenye lugha tano: Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kiafrikana na Kiingereza. Kwa hesabu ya lugha, wimbo huo hauna mwenzake wa kulinganishwa nao.

Kuna jambo moja ambalo kila nikilisoma linanisimamisha. Kaburi la Sontonga lilipotea. Kwa miaka mingi mataifa yalikuwa yanasimama wima kwa wimbo wake na hakuna aliyejua alikozikwa. Walipolitafuta katika vitabu vya makaburi ya Braamfontein, halikuonekana chini ya herufi ya ukoo wake, kwa sababu alikuwa ameandikwa kwa jina lake la kwanza, Enoch, basi. Mwaka 1996, chini ya Rais Mandela, kaburi lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Mtu aliyewapa watu wa nchi tano sauti ya kusimamia aliandikishwa kaburini kama mtu asiye na kwao.

Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa mpwa wangu. Hakuna aliyemwibia mwenzake: mwalimu mmoja alipanda mti, na nchi tano zikakaa kivulini.

Mrefu, mfupi, bubu

Wimbo mrefu kuliko zote kwa maneno ni wa Ugiriki. Umetokana na shairi aliloliandika Dionysios Solomos mwaka 1823, lenye beti 158, na Kupro nayo inautumia uleule. Kinachoimbwa ni beti mbili za mwanzo, na hata hao Wagiriki wanaozijua zote ni wa kuwatafuta. Japani iko upande wa pili: maneno ya wimbo wake ni shairi la mistari mitano lenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, na ukivuta pumzi kubwa unaweza kulimaliza. Uganda nayo ina wimbo ambao ni miongoni mwa zile fupi zaidi duniani.

Uholanzi ndiyo yenye muziki na maneno ya zamani zaidi yaliyokaa pamoja. Wimbo wao ni wa karne ya 16, una beti 15, na herufi za mwanzo za kila ubeti zinaandika jina la Willem van Nassov, kiongozi wa uasi wao dhidi ya Hispania. Washairi wetu wa pwani waliozoea kuficha majina yao katika beti watamtambua ndugu yao hapo.

Na Hispania? Wimbo wake hauna maneno kabisa. Bosnia, San Marino na Kosovo vilevile. Wachezaji wao husimama midomo imefumba na muziki ukapita juu ya vichwa vyao. Zamani niliona ni upungufu. Sasa naona ni afadhali kunyamaza pamoja kuliko kuimba maneno ambayo nusu ya nchi hayawatoki moyoni.

Mtu pekee ambaye mashairi yake mawili tofauti yamekuwa nyimbo za mataifa mawili ni Rabindranath Tagore: India na Bangladesh zote zinaimba kazi yake. Lakini kwa upande wetu mimi naona rekodi iliyo tamu kuliko hiyo iko Mto Tana. Mwaka 1963, Kenya ilipojiandaa kupokea uhuru, kamati ya watu watano ilikabidhiwa kazi ya kupata wimbo wa taifa. Hawakwenda kuazima muziki wa gwaride wa bendi za Ulaya. Walikwenda kwa Wapokomo, wakulima wa kandokando ya mto ule, wakachukua tuni ambayo akina mama wa huko walikuwa wakiwabembelezea watoto walale. Meza Morowa Galana, Mpokomo, ndiye aliyewaletea. Kamati ikaitia maneno ya sala, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, Ee Mungu Nguvu Yetu ikaimbwa bendera ikipanda.

Hebu fikiria kinachotokea kila mwanariadha wa Kenya anapopanda jukwaani kuvishwa medali. Dunia nzima inasimama, marais wanavua kofia, na kinachopigwa ni wimbo wa mama aliyekaa kizingitini Tana akimpapasa mtoto mgongoni.

Umbo, umri na sadfa

Bendera kongwe zaidi inayopepea bila kukatika ni ya Denmark, msalaba mweupe juu ya nyekundu. Hekaya yao inasema ilidondoka kutoka mbinguni Juni 15, 1219, jeshi lao likiwa karibu kushindwa vitani katika nchi ambayo leo ni Estonia. Ya mbinguni tuwaachie wenyewe. Kinachonivutia ni cha duniani: Mdenmark akisherehekea siku ya kuzaliwa, kijibendera hicho hukaa mezani karibu na keki. Bendera ya miaka 800 imeshuka kutoka kwenye milingoti ikaingia jikoni.

Nepal ndiyo nchi pekee ambayo bendera yake haina pembe nne. Ni pembetatu mbili zilizopandana, zenye mwezi na jua, na maelekezo ya kuichora yamo ndani ya Katiba, mstari kwa mstari, kama hesabu ya maumbo ya darasani. Uswisi na Vatikani zina za mraba. Qatar ina iliyorefuka kuliko zote: upana 11, urefu 28. Paraguay ina pande mbili zisizofanana, mbele nembo moja na nyuma nyingine. Msumbiji ndiyo pekee yenye bunduki ya kisasa, AK-47 iliyokaa pamoja na jembe na kitabu. Watu wengi huiona bunduki tu, ilhali jembe liko palepale na kitabu kiko chini yake kimefunguka.

Mwaka 1936, kwenye Olimpiki ya Berlin, ujumbe wa Liechtenstein na wa Haiti uligundua kwamba nchi zao zina bendera ileile, bluu juu nyekundu chini, na hakuna aliyewahi kujua. Mwaka uliofuata Liechtenstein ikaongeza taji kwenye yake.

Na umri wa wabunifu? Wengi hudhani bendera hubuniwa na wazee wenye miwani. Ya Papua New Guinea ilibuniwa mwaka 1971 na Susan Karike, msichana wa shule wa miaka 15. Ndege wake wa peponi na nyota zake bado viko juu ya mlingoti.

Ya Afrika Kusini nayo ina rekodi yake, ya haraka. Frederick Brownell alichora wazo lake la kwanza mwaka 1993 akiwa Zurich, mkutanoni. Bendera ilipitishwa Machi 1994, na Aprili 27, siku ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote, ikapandishwa. Wiki sita hivi tu. Ilikusudiwa iwe ya muda, wakafikiri watatafuta nyingine kwa utulivu. Watu hawakungoja: waliipaka usoni, wakaifunga mabegani, wakaizungusha viwanjani, na ya muda ikawa ya kudumu.

Miezi saba ya anga la Unguja

Sijui kama kuna mji mwingine ulioona bendera zikishuka na kupanda kwa kasi ile. Kwa miaka mingi juu ya Jumba la Ajabu ilipepea bendera nyekundu tupu ya masultani, ndugu ya ile ya Oman. Desemba 10, 1963, siku ya uhuru kutoka kwa Waingereza, katikati ya wekundu ule iliwekwa duara ya kijani yenye karafuu mbili. Ilikuwa bendera ya kupendeza kwa macho, na karafuu ndiyo iliyokuwa pumzi ya visiwa. Ilidumu mwezi mmoja na siku chache. Januari 12, 1964, Mapinduzi, nayo ikashuka. Zikaja za Mapinduzi, zikatulia kwenye bluu, nyeusi na kijani. Aprili ukaja Muungano. Juni 30, 1964, rangi za Tanganyika na za Zanzibar zikaunganishwa kwa mstari mweusi wa mshazari, wenye kingo za njano, ndiyo bendera tuliyo nayo. Haijatimia miezi saba tangu zile karafuu. Mwaka 2005 Zanzibar ikapata tena bendera yake, bluu, nyeusi na kijani, ya Muungano ikiwa kwenye kona.

Watu wazima waliokuwepo walisimama chini ya bendera zote hizo bila kuhama mtaa. Picha inayojulikana zaidi ya wakati huo haina hata bendera: ni Mwalimu Nyerere akimimina udongo wa pande mbili chomboni. Mimi katika alama zote za Muungano, udongo huo ndio ninaoupenda. Kitambaa unaweza kukishusha jioni ukakikunja. Udongo ukishachanganyika, nani atautenga?

Rwanda ilibadilisha kwa sababu nyingine, nzito. Bendera yake ya zamani, nyekundu, njano na kijani yenye herufi kubwa R nyeusi, ilikuwa imepepea wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Walionusurika hawakuweza kuitazama. Mwaka 2001 ikaja mpya, bluu, njano na kijani, na jua kwenye kona. Hakuna nyekundu. Hakuna nyeusi. Januari 1, 2002 wimbo nao ukabadilishwa. Mara nyingi nchi hubadili alama kwa sababu kiongozi mpya anataka alama zake. Hapo Rwanda ilikuwa haja ya watu kuweza kuinua macho asubuhi.

Mlingoti na mlima

Kuna mashindano yanayoendelea ya milingoti. Mwaka 2010 Baku, Azerbaijan, walisimamisha wa mita 162. Mwaka uliofuata Dushanbe, Tajikistani, wakasimamisha wa mita 165. Mwaka 2014 Jeddah ikafika mita 171. Kisha Misri, katika mji wake mkuu mpya nje ya Cairo, ikapita mita 200. Chuma hakina kikomo maadamu fedha ipo.

Sasa linganisha na usiku wa Desemba 8 kuamkia 9, 1961. Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, barafu miguuni, mkononi bendera mpya ya Tanganyika na mwenge. Kilele hicho Wajerumani walikuwa wamekiita kwa jina la mfalme wao tangu Hans Meyer alipokifikia mwaka 1889. Usiku ule kikaitwa Uhuru. Barani Afrika hakuna mahali pa juu zaidi pa kutangazia uhuru, kwa hiyo rekodi hiyo haitavunjwa.

Mwenge haukubaki mlimani. Tangu mwaka 1964 hukimbizwa nchi nzima karibu kila mwaka. Mwenge wa Olimpiki husubiri miaka, na nchi nyingi hazijawahi kuuona ukipita. Wetu huja wenyewe, hadi kijijini. Nilipokuwa mtoto, siku ukipita kwetu tuliamshwa gizani, sare zimepigwa pasi ya mkaa tangu jana, tukapangwa kando ya barabara ya vumbi tukiwa na matawi mikononi. Usiku wake kulikuwa na mkesha kwenye uwanja wa mpira, ngoma za kila kabila la wilaya, wazee wamejifunga migolole, akina mama wa uji wamewasha mafiga pembeni. Kisha magari, vumbi, na katikati ya vumbi kijana anakimbia na kitu kinachowaka. Kilipita mbele yangu kwa nukta chache tu. Nilisikia harufu ya mafuta ya taa. Ule moshi ndio picha yangu ya kwanza ya nchi: kitu kilichotoka mbali, kinakwenda mbali, na leo kimepitia kwetu.

Wapo wanaouliza gharama yake, na ni haki yao kuuliza. Nami naomba wanaouliza waende mkesha mmoja wa wilayani kwanza, wakae hadi alfajiri.

Ndege aliyekwisha kufa

Twiga ni wetu, korongo mwenye taji ni wa Waganda, simba ni wa watu wengi mno hata amechoka. Uskoti, mnyama wake wa taifa ni farasi mwenye pembe moja, ambaye hajawahi kuwepo. Indonesia ina Garuda, ndege wa hadithi, na manyoya yake yamehesabiwa: 17 kila bawa, 8 mkiani, 45 shingoni, yaani Agosti 17, 1945, siku waliyojitangazia uhuru. Mtoto wa Indonesia akijua kuhesabu, anajua tarehe ya uhuru wake.

Lakini Mauritius imebeba mzigo wa peke yake. Kwenye ngao yake amesimama dodo, ndege mnene asiyeruka, aliyeishi kisiwani humo tu na hakuogopa watu kwa kuwa hakuwa amewahi kuwaona. Mabaharia wa Kiholanzi walikuja mwishoni mwa karne ya 16. Kabla ya mwaka 1700 dodo hakuwepo tena. Nchi nyingi huweka katika ngao mnyama wa kujivunia. Hii imeweka anayekumbusha kilichopotea, na kwangu ndiyo alama ya ukweli mkubwa kuliko simba wote.

Ngao yetu nayo ina sifa ambayo haimo katika kitabu chochote cha rekodi: watu waliipa jina lao. Rasmi ni Nembo ya Taifa. Ina mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Kilimanjaro, wameshika pembe za ndovu, mwanamume karafuu miguuni pake, mwanamke pamba, na chini utepe wa Uhuru na Umoja. Mtaani inaitwa Bibi na Bwana. Mzee akikuambia barua lazima iwe na Bibi na Bwana, unajua anataka ya serikali, yenye uzito.

Neno moja, kofia moja

Botswana ina kaulimbiu ya herufi nne: Pula. Maana yake ni mvua. Katika nchi ambayo Kalahari imeimeza sehemu kubwa, hakuna baraka inayoizidi, ndiyo maana mkutanoni watu huipaza sauti kama sisi tunavyosema amina. Mwaka 1976 walipoacha randi ya Afrika Kusini, fedha yao wakaiita pula, na senti zake thebe, yaani ngao. Bendera yao ni bluu ya maji. Kwa hiyo Mtswana akilipia mkate, anatoa mvua na ngao mfukoni. Kenya ina neno moja vilevile, Harambee, na hilo kila anayejua kuvuta kamba pamoja na wenzake analielewa bila kufafanuliwa.

Lesotho mwaka 2006, ikitimiza miaka 40 ya uhuru, iliweka katikati ya bendera yake kofia. Si taji, ni mokorotlo, kofia ya nyasi yenye ncha ambayo mchungaji huivaa juani na mama huinunua sokoni. Na Ethiopia ina desturi ambayo kila mara inanifurahisha: kahawa yao humiminwa mara tatu kutoka birika la udongo, na mzunguko wa tatu unaitwa baraka. Neno ni letu sote, na ukiondoka kabla yake umejinyima.

Ngoma ambayo ni enzi

Burundi ngoma huitwa ingoma, na neno hilohilo maana yake ni ufalme, utawala. Ngoma na enzi ni neno moja. Ngoma ya Karyenda ilikuwa alama ya mfalme mwenyewe, na bendera ya kwanza ya Burundi huru, kuanzia 1962 hadi ufalme ulipoanguka mwaka 1966, ilikuwa na ngoma hiyo katikati.

Ngoma huchongwa kutoka mti uitwao umuvugangoma, mti unaoifanya ngoma iseme, na huwambwa ngozi ya ng'ombe. Wapigaji huingia uwanjani wakiwa wamezibeba vichwani, huku wanaendelea kupiga, mikono juu, hakuna anayeyumba. Hutua kwa nusu duara. Katikati husimama inkiranya, ngoma inayoongoza, na kila mmoja kwa zamu hutoka akaicheza, akaruka, akarudi. Huko Gishora, karibu na Gitega, ambako Mfalme Mwezi Gisabo aliweka ngoma zake karne ya 19, desturi hii imelindwa hadi leo, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia usioshikika. Mwaka 2017 amri ya rais iliwazuia wanawake kuzipiga. Hilo linaniuma. Vikundi vya wanawake wa Burundi vilikuwa vimekwisha kuzipiga mbele ya watu na vikashangiliwa, na ngozi ya ng'ombe haikuwabagua.

Kitambaa chenye maneno

Namalizia na kanga, ambayo si bendera ya nchi yoyote na hakuna bunge lililoipitisha. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, na bara hadi Kongo, ina pindo pande zote, ina mji katikati, na chini ina jina. Sijui kitambaa kingine cha taifa zima la watu ambacho hakikamiliki bila sentensi. Mombasa wanaiita leso, neno la Wareno, na huko Mombasa familia ya Kaderdina Hajee Essak imekuwa ikitia chapa ya Mali ya Abdulla kwenye kanga zake kizazi baada ya kizazi. Hununuliwa doti, mbili kwa pamoja, na jambo la kwanza la kufanya ukifika nyumbani ni kuzitenganisha kwa mkasi na kuzipinda pindo. Tumezaliwa tukapokelewa nayo, tunabebwa nayo mgongoni, na siku ya mwisho akina mama hutandaza kanga zao juu ya jeneza.

Taifa nalo limepita humo: kanga za uhuru, kanga za vyama, kanga za Mwenge, kanga za kumpongeza Obama mwaka 2008. Kiswahili hichohicho cha kwenye pindo ndicho lugha ya kwanza ya Afrika kupewa na UNESCO siku yake, Julai 7, tarehe ya kuzaliwa kwa chama cha TANU mwaka 1954.

Wiki iliyopita nilikuwa tena kwa dada. Mpwa wangu, aliyekwisha kurefuka, alikuwa anapiga deki huku amejifunga kanga ya marehemu bibi yake, ya Mwenge, imefubaa hata mlima ulioko katikati umekuwa kama wingu. Nikamweleza habari za mwalimu Sontonga na kaburi lililoandikwa Enoch. Alisikiliza hadi mwisho, ameegemea mpini wa deki. Kisha akauliza kama Wazambia nao wanayajua haya. Nikamwambia wengine wanajua. Akainamia ndoo, akakamua tambara, akaanza kuimba kwa sauti ya chini tuni ileile bila maneno.